Kikombe cha Mama Gentille

Hapa Highview, Louisville, hakuna aliyewahi kumwona Fides Niyonkuru akinywea chombo cha mtu mwingine. Nenda naye kanisani, nenda naye msibani, nenda naye kwenye sherehe ya mtoto aliyemaliza shule: chai ikifika, mama yule anafungua mkoba na kutoa kikombe chake cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Anakinga, anakunywa, anakifuta kwa leso, anakirudisha mkobani. Mwanzoni watu walimsema. Wako waliosema anaringa, wako waliosema anaogopa kurogwa. Korona ilipoingia mjini, wale wale wakageuka wakasema Mama Gentille ni nabii, aliona mbali. Yeye aliwaacha waseme. Kati ya kuitwa mwenye maringo na kuitwa kile alichokuwa, maringo yalimfaa zaidi.

Alichokuwa ni Mtwa. Kwa asiyeijua Burundi, Watwa ndio wafinyanzi. Vyungu vilivyopika maharage ya nchi ile, mitungi iliyobeba pombe za harusi, vyote vimetoka mikononi mwao. Na waliovinunua hawakukubali kunywa pamoja na waliovifinyanga. Mtwa akifika kwenye sherehe hukaa karibu na mlango, na humiminiwa katika chombo alichokuja nacho. Mrija wake hauingii kwenye mtungi wa watu, hata kama mtungi wenyewe kaufinyanga yeye. Ni upuuzi, na upuuzi huo umekula maisha ya watu.

Fides alikua nao kambini Mtabila, upande wa Tanzania, mama yake akiuza vyungu kando ya soko la wakimbizi. Kisha akapendwa na mwanaume asiye Mtwa, Niyonkuru, aliyemwoa na kumhamishia kambi nyingine ambako hakuna aliyemjua mama yake Fides. Niyonkuru alifariki kabla ya safari ya Marekani. Fides akapanda ndege na mtoto wa kike, Gentille, mgongoni na siri kifuani, na mtoto alikua bila kuambiwa. Udongo hakuugusa tena. Kuacha udongo kulikuwa rahisi. Kikombe ndicho kilichomshinda. Alijaribu kunywea glasi za watu, na kila alipojaribu koo lilifunga, akabaki ameshika glasi kama mtu aliyeshika mali ya wizi.

Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya wazee, njia ya kwenda Okolona. Kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka. Mwenzake wa shifti alikuwa Cibalonza, Mkongomani wa Bukavu, mwenye maneno mengi na gari bovu. Cibalonza ndiye aliyemwonya kuhusu chumba cha mwisho wa korido.

"Mama Gentille, ule muzee wa kule mwisho, ukiingiaka, ushikilie roho. Donc ile mama iko mubaya."

Muzee mwenyewe aliitwa Verla. Alikuwa Mhopi-Tewa, mmoja wa watu wa asili wa nchi hii, kutoka kijiji kilicho juu ya mwamba huko Arizona, na mwanawe aliyefanya kazi Louisville ndiye aliyemleta alipoanza kuanguka anguka. Hakuipenda Kentucky. Hakupenda chakula, televisheni, mvua isiyoombwa na mtu, wala mikono ya wageni mwilini mwake. Lakini siku ya kwanza, cha ajabu, alimtazama Fides akihema baada ya kugeuza godoro, akamsogezea kikombe chake cha kahawa.

"Kunywa. Umechoka."

Fides alirudi nyuma mikono juu. "Hapana, hapana. Mimi nina changu." Akafungua mkoba kumwonyesha kile cha bluu.

Alidhani anamfanyia mzee wa watu heshima. Kwao ndiyo adabu yenyewe: huyu hajui wewe ni nani, basi usimchafulie chombo. Verla aliona kitu kingine. Alikuwa ameishi miaka mingi karibu na watu waliofuta vikombe kwa leso baada ya midomo ya watu wake.

"Unadhani mimi mchafu," alisema, na kahawa yote ikaishia kwenye shuka jipya.

Vita ikaanza hapo. Verla hakumwita jina tena, alimwita "wewe wa kikombe." Alimshtaki kwa supavaiza kwamba anamwibia sukari. Fides naye alimchana nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na alipomaliza alisema "pole" kwa sauti isiyo na pole ndani yake. Wazee wengine walizima televisheni kuwasikiliza.

Kilichomkera Fides zaidi kilikuwa rafu ya dirishani. Juu yake vilikaa vyungu vya Verla, vya rangi ya asali, vyembamba, vimechorwa kwa weusi na wekundu: mabawa ya ndege, manyoya, mawingu yaliyopangwa kama ngazi, mistari ya mvua ikishuka. Wageni walivipiga picha. Mkurugenzi wa nyumba alikuja na wafadhili kuvitazama, akishusha sauti kama yuko kanisani. Daktari alimwamkia Verla kwa heshima, kisa ni mfinyanzi. Fides ndiye aliyevipangusa vumbi. Mama yake alifinyanga mpaka kucha zikaisha, na watu walimtupia malipo chini ili wasimguse mkono. Huyu anapigiwa magoti kwa kazi ile ile! Alimwonea wivu, na wivu ule haukuwa na haya.

Kisha mwana wa Verla akaleta mfuko wa udongo wa kijivu kutoka kwao. Mzee akakaa ukumbini, akaanza kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine. Lakini baridi yabisi ilikuwa imemla kidole gumba, kazi ikaenda polepole, na ukingo wa chini ukakauka kabla ya kamba mpya kufika. Fides alikuwa anapita na ndoo ya kudekia. Aliona mahali ambapo chungu kile kingepasuka. Akaweka ndoo chini, akachovya vidole majini, akalowesha ukingo, akaikandamiza kamba kwa gumba huku mkono wa pili ukiegemeza ukuta kwa ndani. Alimaliza mzunguko mzima kabla hajajua anafanya nini.

Verla hakumpigia kelele. Alitazama vile vidole.

"Mama yako anafanya kazi gani?"

Fides angeweza kusema mkulima, kama alivyowaambia watu wote. "Alikuwa mfinyanzi," alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Na kwa sababu tayari alikuwa amefungua mdomo, akaeleza mengine: mlango, mrija, kikombe.

Verla alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwetu wanunuzi ndio wanakuja kugonga mlango wangu," alisema. "Na wewe ulikuwa unanificha uchafu wako? Miezi yote hii nimekuchukia bure!"

Fides hakuona cha kuchekesha. Alichukua ndoo yake akaenda chooni, akalia kwa hasira, na wiki iliyofuata akaomba wabadilishane chumba na Cibalonza. Cibalonza alikataa kata kata.

Wakati huo huo Gentille alikuwa anaposwa. Kijana aliitwa Medard Nshimirimana, mpole, mfanyakazi wa ghala huko Columbus. Balaa lilikuwa mama yake, Hyacinthe, mjane aliyejaa vizuri kwenye kiti na kwenye mazungumzo. Hyacinthe alikuwa na dada Buffalo, mtaa wa Lower West Side, na dada huyo aliwahi kuishi Mtabila. Fides hilo hakulijua. Alijua tu kwamba tangu picha za vijana zianze kuzunguka kwenye simu, Hyacinthe amekuwa akimuuliza maswali: Kambi gani? Baba wa Fides aliitwa nani? Mama je, alikuwa anauza nini sokoni?

Halafu ikaja simu ya mwisho.

"Mama Gentille, sisi tunakuja na watu wazima," alisema Hyacinthe. "Wengine wanatoka Buffalo. Hatutaki kunywa togwa kwenye ndoo ya plastiki kama watu wanaopaka rangi nyumba. Tunataka mtungi. Mtungi wa udongo, wa nyumbani, na mirija. Bila mtungi, tutajua mmetudharau."

"Mtungi nitautoa wapi Kentucky, Mama Medard?"

"Wewe tena! Utakosa?"

Lile "wewe tena" lilimkaa Fides mwilini kama mwiba. Walijaribu kuagiza mtungi Bujumbura, ulifika vipande. Gentille alijitupa kwenye kochi, akamwambia mama yake kwa Kiingereza, maana mambo yote mazito alimwambia kwa Kiingereza, kwamba kama posa itaharibika kwa sababu ya chungu, hatamsamehe.

"Ni chungu tu, Mama. Mbona unakuwa kama umeambiwa ukaue mtu?"

Fides alimtazama. Akikosa mtungi, Hyacinthe amepata sababu ya kuvunja posa. Akiufinyanga, Hyacinthe amepata sababu kubwa zaidi. Alimchukia yule mwanamke kwa moyo wote, kwa utulivu, kama mtu anayekaa chini kula.

Siku ya pili alikwenda na koleo kwenye kijito nyuma ya magorofa, akachimba udongo wa kingo. Aliupeleka kazini kwenye mfuko wa mkate. Verla aliutia ulimini, akautema kwenye shuka.

"Mchanga mwingi."

"Basi nipe wako."

"Wangu umetoka nyumbani. Hukuuchimba wewe. Saga vigae, changanya, uache kulialia."

Wakasaga. Mtungi ule uliovunjika toka Bujumbura uliingia wote kwenye udongo wa Kentucky. Chungu cha kwanza kilipasuka, cha pili kikapinda, na kila mara Verla alisema kwa furaha kwamba alijua. Cha tatu kilisimama. Kilikuwa na tumbo zuri na shingo fupi, na Fides alipokitazama alimwona mama yake wazi kabisa, akiwa amechuchumaa.

Ndipo akafanya kosa jingine. Aliona mtungi wake uko mtupu ukilinganisha na vile vya dirishani. Alitaka Hyacinthe aukute umependeza mpaka akose la kusema.

"Nichoree," alimwambia Verla. "Weka yale mawingu. Au zile sura ulizosema wanazivaa wachezaji kwenu, wakati wa ibada."

Verla alipiga meza. Kopo la rangi nyeusi likaruka.

"Mawingu yale ni maombi! Unadhani ni maua ya pazia? Na sura zile mkono wangu unazijua, sijawahi kuziweka hata kwenye chungu cha kuuza. Mkurugenzi kaniomba, nikamfukuza. Sasa na wewe? Unachukua maombi ya watu wangu ukaombee posa?"

"Unaninyima tu!"

"Ndiyo, nakunyima. Mama yako alichora nini?"

"Hakuchora. Sisi hatuchori."

"Mwongo. Hakuna mfinyanzi anayeacha shingo tupu."

Fides alijua ni kweli. Aliinuka, akachomoa nyasi ndefu kwenye ua wa nyumba ya wazee, akazisokota kamba fupi, akaiviringisha kwenye shingo ya mtungi udongo ukiwa bado mbichi. Ikaacha alama ndogo ndogo zinazofuatana, safu juu ya safu. Mtu yeyote wa Burundi akiziona anajua ni mkono wa nani. Verla alipitisha kidole hewani, bila kugusa.

"Hiyo hata mimi siichori kwangu," alisema, na akageukia ukuta kulala.

Fides aliuchoma mtungi kwenye kijibustani cha Cibalonza, kwenye mashamba ya jamii, kwa nyasi kavu na maganda ya miti, akiwadanganya majirani kwamba anateketeza magugu.

"Mama Gentille, iko nini unachoma humu?" Cibalonza aliuliza. "Bon, kama ni nyama, unitunzie."

Siku ya posa ukumbi ulijaa. Watu wa Columbus walikaa upande mmoja na wale wa Buffalo nyuma yao, watu wa Highview upande wa pili, na katikati mtungi, umefunikwa kitambaa, togwa ya mtama ikinukia. Gentille alikuwa amepamba kila kitu mwenyewe. Vikombe vya plastiki alikuwa amevificha kwenye boksi chini ya meza. Alitaka picha zenye mirija tu.

Kitambaa kilipoondolewa, watu waliguna kwa raha. Wazee waliinama kuangalia shingo. Hyacinthe hakuinama. Alikuwa anamtazama Fides.

"Karibu utuonjee, Mama Gentille," alisema.

Ndiyo mila. Mwenye kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, wajue hakuna kitu humo. Fides alijua siku nzima kwamba saa hiyo itafika, na alikuwa amejiandaa kushika mrija kama watu wengine. Lakini simu zote zilikuwa zimeelekezwa kwake, na mwili ulikumbuka mafunzo yake ya zamani. Mkono ukaingia mkobani. Ukatoa kikombe cha bluu. Akachota kwa kata, akarudi hatua kadhaa kuelekea mlangoni, na kikombe kilikuwa kimeshagusa mdomo alipotambua alichofanya.

Watu wa Highview walicheka, wakimjua na maringo yake. Upande wa Columbus haukucheka.

"Mmeona wenyewe," alisema Hyacinthe, na akasimama ili asikike. "Dada yangu aliniambia kuwa mama wa huyu alikuwa Mtwa wa vyungu, Mtabila. Nikasema siwezi kumsingizia mtu. Nikasema tuombe mtungi, tuone utatoka wapi. Umetoka! Na sasa kajitenga mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Damu inajijua."

Gentille alimgeukia mama yake. Safari hii hakusema Kiingereza.

"Mama, Mtwa ni nini?"

"Ni mimi," alisema Fides. "Na ni bibi yako aliyenifundisha mtungi huu. Na ni wewe, upande wangu."

Aliweka kikombe mezani. Akarudi katikati, akachukua mrija, akautumbukiza ndani ya mtungi wa watu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akavuta. Koo lilifunga. Akavuta tena mpaka likafunguka.

"Mama Medard," alisema akifuta mdomo, "dada yako huyo wa Mtabila nimemkumbuka sasa, mnafanana. Alikuwa anakuja kwetu jioni kukopa vyungu. Maharage yalipoiva humo hamkuuliza nani kafinyanga. Togwa ni hii. Mwenye kiu anywe, asiye na kiu mlango anauona."

Hakuna aliyesogea. Kisha Medard, kijana mpole ambaye watu walidhani hana uti wa mgongo, alitoka upande wa Columbus, akapiga magoti kando ya mtungi, akachukua mrija. Alikunywa bila kumtazama mama yake. Mzee mmoja wa Buffalo akamfuata, akisema safari ilikuwa ndefu.

Hyacinthe aliona mwanawe anamponyoka. Akakaa, akajipanga vitenge.

"Sawa. Mimi siingizi mrija humo," alisema. "Nipeni kikombe. Nikae na changu."

Boksi la vikombe lilikuwa pale chini ya meza, wazi, kila mtu analiona. Gentille aliinama kama anayelifikia, akaliacha. Akachukua kile cha bluu juu ya meza, chenye unyevu bado wa mdomo wa mama yake. Akakijaza togwa. Akavuka ukumbi, na mbele ya Hyacinthe akapiga magoti yote mawili, kama mkwe aliyelelewa, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama."

Kukataa kikombe cha bibi harusi aliyepiga magoti ni kumkataa mwenyewe, na hilo hata watoto ukumbini walilijua. Hyacinthe alikitazama kile kikombe kilivyobanduka mdomoni. Alimtazama mwanawe, bado na mrija kinywani. Fides alimtazama yeye, na hakumwonea huruma hata chembe.

Hyacinthe alikipokea kwa mkono mmoja. Akanywa chote, uso umemkunjamana.

"Kina ladha ya bati," alisema.

"Utazoea," alisema Fides. "Mimi nilizoea."

Jumatatu, Verla alikuwa ameketi kitandani akimsubiri, hajachana nywele.

"Mtungi ulivuja?"

"Haukuvuja."

"Kikombe chako kiko wapi?"

"Gentille kakichukua. Anasema anakwenda nacho Columbus."

Verla alivuta kimeza, akachukua kahawa yake, kikombe kilekile cha siku ya kwanza, akanywa yeye nusu, kisha akakisukuma ng'ambo. Fides alifunga mlango. Alikaa pembeni ya kitanda, mahali ambapo wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa, akakishika, akanywa palepale mzee aliponywa.

"Kahawa yako mbaya," alisema.

"Basi rudisha," alisema Verla.

Hakurudisha.